Maji ya Uwanjani

Kibiti, 17 Mfunguo Tisa 1323
(kwa Wadachi ni Agosti 1905, nimemuuliza karani)

Kwa Sadala bin Huseni, Salale

Mwanangu Sadala,

Kama umesimama, kaa. Ninayokuandikia hayasomwi na mtu aliyesimama. Mimi fundi wako, Abbasi bin Kondo, ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kutoka hapa mpaka Tabora, na Tabora nimefika kwa miguu yangu, sikuhadithiwa.

Nimepigwa risasi, na ndiye mimi ninayekuandikia.

Ilikuwa Samanga. Nilikwenda kuchukua chumvi, na siku hiyo hiyo watu wa Umatumbi wakashuka, wakachoma duka, wakang'oa pamba. Wakanipa yale maji yao ya Ngarambe, wanayosema yanazuia risasi. Nikanywa mafunda mawili, maana kitu cha bure mimi sikikatai, hata pwani ya Waarabu sikukataa. Mara askari akatokeza pembeni ya ghala, hatua thelathini hivi, bunduki begani. Wewe unanijua. Sikulala, sikukimbia. Nilisimama wima, mikono kiunoni, nikamwambia, "Piga, bwana, chakula chako kinapoa." Akapiga! Ikanigonga hapa chini ya titi la kushoto, ikaanguka miguuni pangu imelowa, baridi kama kokwa la ukwaju lililotemwa. Askari akatupa bunduki, akakimbia huku akimwita mama yake.

Hapa Kibiti siku hizi sinunui kitoweo. Watu wanakuja na kuku, nasimulia, wanaondoka, wanakuja wengine. Hata jumbe, aliyekuwa akiniita mpiga domo, sasa ananiita mzee.

Haya, tuache bahati yangu, turudi kwenye uvivu wako. Unafanya mazoezi? Kirumbizi, huu mchezo wetu wa fimbo, si ngoma ya arusini tu ya kuwachekesha wanawake, nimekwambia mara mia. Usitazame ncha ya fimbo. Ncha ni mwongo. Tazama kiwiko, kiwiko hakijui kuficha. Na wewe kosa lako ni hasira, unapiga kwanza halafu ndiyo unauliza. Siku ya Maulidi ilikufikisha wapi? Ulipiga goti mbele ya Kibiti nzima, jasho linakutoka puani, "Maji, fundi, maji!" Kwingine mtu akizidiwa husema poo. Uwanjani kwetu husema maji, na akishayaomba hakuna wa kumgusa tena, hata kama fimbo iko hewani inakuja. Uliyaomba vizuri, lakini. Sijapata kumwona mtu akishindwa kwa adabu namna ile.

Msalimie dada yako Mwanamina. Mwambie ule mdomo wake bado nausikia mpaka huku.

Ni mimi fundi wako,
Abbasi bin Kondo


Salale, 25 Mfunguo Tisa 1323

Kwa fundi wangu Abbasi bin Kondo, Kibiti

Shikamoo fundi.

Barua yako ameileta Tabu muuza vyungu, ameipitisha ndani ya chungu cha pili kutoka chini. Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nimewasomea wenzangu tunaokata nao boriti, wakaacha mashoka wakakaa kwenye mizizi ya mikoko wakinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyepigwa.

Mazoezi nafanya. Nimegundua kitu, sijui kama utakicheka. Nafanyia hatua zangu kwenye tope, maji yakipwa. Tope linashika mguu, kila hatua unaing'oa kama muhogo. Siku za mwanzo nilianguka hata kaa wakanikimbia. Sasa mwezi wa pili, nikitoka nchi kavu najiona mwepesi, mguu unakwenda kabla sijauambia. Na pumzi naihesabu kama ulivyosema.

Sasa nina swali. Unajua walivyonipiga viboko hamsa ishirini mwaka jana kwa sababu ya shamba la pamba la jumbe, mgongo wangu umeuona. Wiki iliyopita yule yule msimamizi amekuja huku kutafuta watu. Nikamwambia nina kazi ya boriti. Akainua kiboko. Fundi, nilikiona kiwiko chake kabla hata yeye hajajua kuwa atapiga. Kwapa lilikuwa wazi kama mlango wa msikiti. Shoka nilikuwa nalo mkononi. Na hasira haikuja. Nilisogea hatua moja tu, kiboko kikapiga hewa, akayumba, akatazama watu wakicheka, akaenda zake.

Tangu siku hiyo najiuliza. Kumwacha ndiko kukua, au ni woga uliovaa kanzu? Wewe ndiye utakayenijibu.

Watu wa Nyamwage wametuma ujumbe. Wanakusanyika pale, wanafanya mazoezi yao wanayoyaita likinda, kutembea kwa safu na kukaa kwa pamoja, na wanatafuta mtu anayejua fimbo na mkuki awafundishe. Wamenitaja mimi. Nitakwenda kutazama. Maji yao sijanywa. Nasubiri neno lako, maana wewe ndiye uliyeyajaribu mwilini. Ukisema nywa, nakunywa. Ukisema acha, naacha.

Mwanafunzi wako,
Sadala bin Huseni


Salale, 3 Rajabu 1323

Kwa Fundi Abbasi, Kibiti

Fundi,

Nimeandika kwa mkono wangu, kwa hiyo usitafute nani kaniandikia. Baba alinisomesha mpaka nikahitimu, si kama watu wengine walioacha chuo juzuu ya saba na kusema mwalimu aliwaogopa.

Sadala ameondoka juzi kwenda Nyamwage. Amechukua fimbo yako ile ya mkoma na kanga yangu moja ya kufungia chakula. Mama alipokufa nilimlea mimi. Alipokuwa mkorofi wa kupiga watu minadani nikamleta kwako, nikakwambia, "Huyu mdogo wangu ana mikono, hana hatamu, mtie adabu." Na ulimtia. Hilo silikatai. Aliporudi alikuwa anaweza kutukanwa akacheka. Nilishukuru Mungu, na wewe pia nikakushukuru, ingawa mbele yako sikusema kwa kuwa ungeimba mwaka mzima.

Sasa nakuuliza swali moja. Lile la risasi ni kweli?

Mimi nakujua, Abbasi. Ulisema umeua mamba wa Ndundu kwa mpini wa jembe, tukaja kusikia mamba alikuwa ameshakufa siku mbili. Ulisema Unguja ulipewa mke na ukamkataa. Tulicheka, hakuumia mtu. Hili si la kucheka. Yule anakuamini wewe kuliko anavyoniamini mimi. Kama si kweli, mwandikie leo. Anakusikiliza wewe tu.

Mwanamina binti Huseni


Kibiti, 8 Rajabu 1323

Kwa dada Mwanamina binti Huseni, Salale

Dada yangu mwenye ulimi wa kisu,

Nimeipata barua, nimeinamisha kichwa. Mamba yule nakubali. Lakini alikuwa na meno, hilo uniachie.

Unaniuliza maswali ya barazani wakati huku moto umewaka, dada. Hujui huku kulivyo. Nchi imegawanyika vipande viwili kama nazi. Huku kuna watu wa akida, wanafungua barua, wakiona jina la Nyamwage wewe mwandishi unakwenda bomani Mohoro ukiwa na kamba shingoni. Kule Nyamwage, Tabu ameniambia, barua ikifika inasomwa kwa sauti mbele ya mkuu wao kabla mwenyewe hajaishika. Juzi wamemchoma mkuki mtu mmoja aliyesema maji ni maji tu. Sasa nikiandika, "Sadala, acha maji, toka huko," watakaposoma watamfanyaje?

Lakini mimi sikutembea dunia bure. Nitamwandikia neno la uwanjani. Nitamwambia aombe maji. Wao watasikia la kwao na kufurahi, yeye atasikia letu, atajua maana yake ni kukubali kushindwa na kutoka uwanjani. Ataaga kwa adabu, atavuka mto pale Ndundu, atakuja kwangu. Nimeshamtayarishia kitanda. Wala usilie.

Kuhusu lile swali lako tutaongea siku tukionana, uso kwa uso, ukiwa umenipikia wali.

Ndugu yako,
Abbasi


Kibiti, 9 Rajabu 1323

Kwa Sadala bin Huseni, Nyamwage

Mwanangu,

Kwanza swali lako. Siku uliyomwacha msimamizi, siku hiyo ndiyo umefuzu. Mtu mwoga hakioni kiwiko, anaona kiboko tu. Wewe uliona mlango, ukajua unaweza kuingia, ukapita. Mimi nilihitaji miaka kumi na minane na meno mawili ili niyajue hayo. Nilikuwa nimekuwekea maneno haya nikuambie mbele ya watu, nikufunge kilemba. Basi jua kuwa kilemba kipo.

Pili, ulitaka neno langu. Sikiliza, ni neno la fundi kwa mwanafunzi wake. Wakati umefika. Omba maji. Usione haya, usingoje kesho. Omba maji mbele ya watu, kama nilivyokufundisha mimi na si mtu mwingine.

Umenielewa.

Fundi wako,
Abbasi bin Kondo


Nyamwage, 16 Rajabu 1323

Kwa fundi wangu Abbasi bin Kondo, Kibiti

Shikamoo fundi wangu, shikamoo mara mia.

Nimekuelewa. Barua yako imesomwa barazani kwa sauti, watu zaidi ya mia mbili wanasikiliza. Yalipofika maneno "Omba maji," wote wakaitikia "Maji! Maji!" mpaka mbuzi wakakata kamba. Sikungoja kesho, kama ulivyosema. Pale pale nikasimama, nikaenda mbele, nikaomba. Nikapewa kibuyu, nikanywa, nikapakwa kifuani. Baada yangu wakaja thelathini na wawili waliokuwa wanasitasita. Wamesema, kama fundi wa Kibiti aliyepigwa risasi amemtuma mwanafunzi wake, sisi ni nani?

Fundi, lile neno la kufuzu nilisoma peke yangu baadaye, nikalia kama mtoto. Usimwambie dada.

Nawafundisha asubuhi na alasiri. Wana nguvu ila miguu yao ni ya kulima, inakwenda mstari mmoja. Mmoja anaitwa Zaidi, ana hasira kama zangu za zamani, kila akizidiwa anataka kuuma. Nilimwacha anipige mapigo kumi, sikurudisha hata moja, nikasogea tu. La kumi na moja hakupiga. Akakaa chini akacheka. Nikaona sura yako.

Kuna jambo moja linanisumbua kidogo. Masharti ya maji ni kuwa mtu hainami, hasogei, halali chini. Mwili wangu wote umejifunza kusogea. Kila nikisimama wima naona kama nimesahau nguo. Lakini nakumbuka ulivyosimama wewe Samanga, mikono kiunoni. Nafanya mazoezi ya kusimama vile vile. Ni hatua ngumu kuliko zote ulizonifundisha.

Tunasikia askari wanakuja na bombomu, ile bunduki inayomimina risasi mfululizo. Tutashuka kuwapokea.

Mwanafunzi wako,
Sadala


Kibiti, 21 Rajabu 1323

Kwa Sadala bin Huseni, popote alipo

Sadala! Sadala!

Siyo hayo! Maji niliyosema siyo ya kibuyu! Ni ya uwanjani, ni ya Maulidi, ni ya goti! Kushindwa, Sadala! Kutoka! Nilisema toka! Ulifikiri vipi? Au mimi nilifikiri vipi? Nimeandika neno moja lenye mizigo miwili na nikaona mimi ni mjanja.

Sasa naandika waziwazi, na akisoma akida asome, akisoma mkuu wenu asome, anitafute mimi, nyumba yangu ni ya tatu baada ya kisima. Tupa masharti. Ukiona bunduki lala chini. Ingia tope, wewe ndiye bwana wa tope, nani atakufuata mle? Sogea kama ulivyomkwepa yule msimamizi. Hiyo ndiyo kazi yako, kusogea, nimekufundisha miaka tisa kusogea.

Na lile la Samanga usilifuate. Mimi nilikuwa na bahati yangu, na bahati ya mtu haivaliwi na mwingine kama kanzu ya kuazima. Usisimame kama mimi. Nakuomba. Nakupigia goti mimi fundi wako. Maji, Sadala, maji.

Tabu anaondoka sasa hivi, nimemwambia aache vyungu vyote, aende mtupu.

Abbasi


Salale, 20 Shaabani 1323

Kwa Abbasi bin Kondo, Kibiti

Mdogo wangu amekufa.

Tabu alifika Nyamwage akakuta majivu na mbwa. Walikuwa wameshashuka siku nne kabla. Ameniletea mimi barua yako ya mwisho, sikujua nimpelekee nani, nikaifungua.

Zaidi, kijana mmoja aliyekuwa akifundishwa na Sadala, amefika huku kwa njia ya mito akiwa na risasi kwenye paja. Nimemficha kwenye kambi ya wakata boriti. Amenisimulia, na mimi nakusimulia kama alivyosema, sikuongeza.

Askari walikuwa ng'ambo ya bonde. Bombomu lilipoanza, watu wa mbele wakaanguka. Waliokuwa nyuma wakalala chini, yeye Zaidi pia. Sadala hakulala. Zaidi anasema alimvuta shuka, akamwambia, "Lala, fundi, lala!" maana na yeye alikuwa ameshaanza kuitwa fundi. Sadala akamwambia, "Subiri uone." Akatembea hatua tano mbele. Akasimama wima. Akaweka mikono kiunoni.

Zaidi anasema kabla ya risasi bega lake la kushoto lilicheza kidogo, kama mtu anayetaka kusogea, kisha akalituliza.

Wamemzika watu wa Nyamwage, bila sanda, watano kaburi moja. Kanga yangu amefungwa Zaidi pajani.

Nimekaa eda ambayo si yangu, kwa kuwa hakuwa na mke. Watu wanakuja kunipa pole wananiambia alivunja masharti, labda alikula kilichokatazwa, ndiyo maana maji hayakumshika. Wananiambia, "Mbona fundi wake yalimshika?" Abbasi, wanamsema marehemu wangu kwa ajili yako. Wanasema hakuwa safi.

Nilikuuliza mara moja, ukaniambia nikupikie wali. Hapa katika barua hii ya mwisho bado unaandika habari ya bahati yako. Hata hapa. Nakuuliza mara ya pili, na sitauliza tena. Usinijibu kwa mzaha, usinipe salamu, usiniite dada. Ile risasi ilikupiga, au haikukupiga?

Mwanamina binti Huseni


Kibiti, 2 Ramadhani 1323

Kwa Mwanamina binti Huseni, Salale

Haikunipiga.

Nimekaa siku sita na hii karatasi, kila nikianza mkono unaandika kitu cha kuchekesha. Sijui kuandika vingine. Nitajaribu.

Samanga nilikwenda, hilo ni kweli. Duka lilipoanza kuungua nilikimbia, nikajitumbukiza kwenye shimo la chokaa nyuma ya ghala, nikajifunika makuti. Nilikaa humo mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Nilijikojolea.

Katika upenyo wa makuti nilimwona mtu mmoja, simjui jina, kijana wa umri wa Sadala, kifua kimepakwa maji yao, bado kinang'aa. Ndiye aliyesimama wima. Ndiye aliyeweka mikono kiunoni. Askari alikuwa hatua thelathini. Risasi ilimwingia chini ya titi la kushoto, akaanguka karibu na shimo langu, akachukua muda mrefu kufa. Aliomba maji, Mwanamina, ya kunywa. Mtungi ulikuwepo karibu na shimo. Sikutoka.

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua. Kabla sijamwandikia Sadala barua ya kwanza nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kuwa maji yale hayamzuii mtu kufa. Niliporudi Kibiti nanuka, watu wakauliza umetokaje Samanga ukiwa hai? Nilikuwa niseme shimoni. Mdomo ukasema lile. Akaja mmoja na kuku. Siku ya pili nilikuwa siwezi tena kurudi nyuma, na siku ya tatu nilikuwa sitaki. Nikamwandikia Sadala kwa sababu yeye ndiye niliyetaka anione vile kuliko watu wote.

Uliponiuliza mara ya kwanza nilikuwa na nafasi. Barua zingesomwa barazani, hiyo ni kweli, lakini wewe ulikuwa Salale, ningeweza kukwambia wewe, ukaenda mwenyewe ukamnong'oneza. Nilitafuta ujanja wa neno ili nimtoe yeye bila kujitoa mimi. Ndivyo ilivyokuwa.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nimesimama msikitini nikawaambia watu wa Kibiti. Wengine wamecheka, wamedhani ni kisa kipya. Jumbe ametema mate. Wameniuliza tena na tena, "Lakini Abbasi, si ulipigwa?"

Waonyeshe barua hii wanaosema Sadala hakuwa safi. Wasomee kwa sauti. Mimi sikunywa maji, sikusimama, sikupigwa. Nilisema uongo.

Abbasi bin Kondo